Ndoa yangu ikawa ombi la kikundi: je, urafiki wa kweli katika imani upo?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Free Area hapa Nakuru. Nilihamia kutoka Kakamega kwa sababu ya kazi. Katika kikundi chetu cha maombi nilipata rafiki niliyemwita dada, tukawa tunaomba pamoja na kubebeana mizigo. Mwaka huu mume wangu alisimamishwa kazi, kodi ya nyumba ikatushinda miezi kadhaa, na nyumbani maneno yakawa mengi. Nilimweleza yeye peke yake. Jumatano iliyofuata akasimama kwenye maombi, akasema tumwombee "dada yetu mmoja" ambaye ndoa yake inatikisika na mwenye nyumba anataka kumfungia mlango. Hakutaja jina, lakini watu walinigeukia. Kesho yake ikawa kwenye kundi la WhatsApp. Nilipomuuliza kwa ujumbe alijibu kwamba alikuwa anasimama nami katika maombi. Siku hizi naketi karibu na mlango na kutoka kabla ya neema ya kufunga ibada. Juzi ameniomba niwe mdhamini wake wa mkopo kwenye sacco. Na kazini nina mwenzangu ambaye si Mkristo, amenisaidia kimyakimya kuliko wao wote. Je, urafiki wa kweli katika imani upo, au Yesu anatosha na binadamu tuwaache? Nihame kanisa?

JIBU: Bwana asifiwe sana, dada yangu.

Ulikosewa. Naliweka hilo mbele ya mengine yote, maana nahofia kuna waliokwisha kukuambia kwamba una uchungu moyoni, au kwamba shetani anatumia jambo dogo kukutoa katika ushirika. Jambo lenyewe si dogo. Mithali 11:13 inamtenga anayetembeza siri na mwenye roho ya uaminifu anayesitiri mambo, na haimpi nafuu aliyeitembeza akiwa amefumba macho na kuinua mikono. Kutokutaja jina pia hakukukusitiri. Watu wanaotambuana hata kwa viatu vilivyoachwa mlangoni hawahitaji kutajiwa jina. Wewe si wa kwanza kupigwa na mtu mliyekuwa mkienda naye nyumbani kwa Mungu: ndicho kilio cha Zaburi ya 55, kuanzia aya ya 12. Mwandishi anasema angekuwa adui angevumilia, lakini ni rafiki yake aliyejuana naye sana. Itafute zaburi hiyo, uiombe kwa sauti ukiwa peke yako, hata sehemu zake zenye ukali.

Swali lako kuu ni kama urafiki huo upo. Upo, na ningependa tuuone mahali ambapo siri ya mtu ilikuwa jambo la kufa na kupona. Fungua 1 Samweli 23. Daudi amejificha mwituni huko Horeshi, katika nyika ya Zifu, na mfalme Sauli anamsaka kila siku. Wanaojua alipo ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni Yonathani, mtoto wa Sauli mwenyewe, ambaye kwa kuzaliwa ndiye aliyetarajiwa kurithi kiti cha baba yake. Kadiri Daudi anavyozidi kuishi, ndivyo Yonathani anavyokikosa kiti hicho. Neno moja tu mezani kwa baba yake, na mambo yangekwisha. Yeye akaondoka, akamfuata Daudi mwituni, na Biblia inasema "akamtia nguvu mkono wake katika Mungu." Akamwambia asiogope. Akamkumbusha kwamba atakuwa mfalme. Wakafanya agano mbele za Bwana. Kisha Daudi akabaki mwituni na Yonathani akaenda zake nyumbani, nyumba ileile ambamo habari aliyokuwa nayo ilikuwa ikitafutwa kuliko habari nyingine yoyote. Haikutoka kinywani mwake.

Sasa soma aya inayofuata. Wazifu nao wanajua Daudi alipo, na wanapanda mpaka Gibea kumweleza Sauli, hadi na jina la kilima. Sauli akawajibu kwa kuwabariki kwa jina la Bwana, kwa kuwa eti wamemhurumia. Baraka kwa waliotoa siri, tena kwa jina la Bwana! Huwa nawasomea viongozi wa vikundi vya maombi aya hizi mbili moja baada ya nyingine, na kwa kawaida chumba hunyamaza. Siri ni ileile. Mmoja aliibeba kwa faida ya mwenye siri, wengine wakaibeba kwa faida yao, wakapewa na baraka juu yake.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu ni rafiki wako katika imani, tazama unabaki na nini akiisha kuondoka. Yonathani hakumletea Daudi askari, wala hakumwambia "bila mimi utakufa." Alimwacha akiwa ameishika ahadi ya Mungu kwa nguvu kuliko alivyokuwa ameishika asubuhi ile. Wapo marafiki, hata wenye upendo, ambao ukiachana nao unabaki umewashika wao tu: unangoja simu yao, unangoja neno lao, huwezi kuamua hata kumpeleka mtoto shule gani bila kuwauliza. Wengine ukiachana nao unabaki na mzigo wa habari za watu. Sidai kwamba dada huyo hakukupenda. Nadhani alikupenda, na pia alipenda kuwa mtu mwenye ombi zito la kutoa siku ya Jumatano. Vitu hivyo viwili hukaa ndani ya moyo mmoja bila kugombana, na ndiyo maana sote tunahitaji kuangaliwa.

Umeuliza kama Yesu anatosha na binadamu tuwaache. Naelewa linatoka wapi, lakini Yesu mwenyewe hakuishi hivyo. Alikuwa na wale kumi na wawili, na kati yao akawachukua Petro, Yakobo na Yohana aende nao ndani zaidi katika bustani ya Gethsemane, akawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Mwana wa Mungu aliomba watu wakeshe naye. Wakalala. Na Yuda alipajua mahali pale kwa sababu, kama Yohana 18:2 inavyosema, Yesu alikuwa amekwenda huko mara nyingi pamoja na wanafunzi wake. Mazoea ya urafiki ndiyo yaliyotumiwa kumkamata. Lakini ukienda Yohana 21 unamkuta asubuhi kando ya bahari ya Tiberia, amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita wale wale waliomkimbia waje wale. Usiku ule wa mwisho alikuwa amewaambia, "Siwaiti tena watumwa… lakini ninyi nimewaita rafiki, kwa kuwa yote niliyoyasikia kwa Baba yangu nimewaarifu." Hapa kwetu magharibi ya Kenya kuna watu waliolichukua neno hilo likawa jina lao. Kanisa la Marafiki, ambalo wamisheni wake walifika Kaimosi mwaka 1902, lina jina linalorudi kwenye sura hiyo ya 15 ya Yohana. Yesu anatosha kwa wokovu wako, dada yangu. Katika kutosha kwake amechagua kukufikia pia kwa mikono ya watu.

Na usidhani haya ni ya zama za Biblia peke yake. Uamsho uliowasha makanisa ya Afrika Mashariki, ambao babu na bibi zetu huku Maseno na Nyanza nzima waliuona, una mzizi katika urafiki wa watu wawili. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wote wawili walikuwa wamekauka rohoni, wakaketi na Biblia wakasoma na kuomba pamoja. Fikiria mwaka wenyewe: ukoloni uko kileleni, na Mzungu na Mwafrika wanafungua mioyo yao kama ndugu. Kutoka hapo moto ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya. Wandugu wa uamsho waliita maisha yao kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7, na moyo wake ulikuwa kwamba mtu anatubu dhambi zake mwenyewe. Anasimama anasema "mimi nilidanganya," "mimi nina kinyongo na ndugu yule." Kuwekana wazi kule kuliponya wengi. Lakini kuweka wazi ya mwenzako, wakati yeye ameketi kimya kwenye benchi, ni kazi nyingine kabisa, hata kama inafanywa katika chumba kilekile na kufungwa kwa wimbo uleule.

Naomba nikupe mfano mmoja wa karibu, maana mafundisho matupu hayamshibishi aliyeumizwa. Kuna mama mmoja aliyekuwa akiuza omena soko la Kibuye hapa Kisumu, na aliponisimulia habari hii aliniruhusu niitumie kuwafundisha wengine. Alikuwa na rafiki wa maombi aliyeuza nyanya hatua chache kutoka kwake. Gorogoro ya kupimia ya huyu mwenye omena ilikuwa imebonyezwa chini kwa ndani; ukiitazama kwa juu imejaa pomoni, kumbe imekula mkono mzima wa omena. Soko zima lina mikebe ya namna hiyo, kwa hiyo hakuona neno. Jioni moja wakati wa kukunja magunia, yule wa nyanya akachuchumaa kando yake, akaigeuza gorogoro, akatia vidole kwenye kibonyeo, akasema polepole, "Dada, na kesho asubuhi tunaomba pamoja." Basi. Hakuongeza neno, hakumwambia mtu. Mwenye omena alinuna, akaacha kumsalimia, akasema moyoni mwake kwamba yule anajifanya mtakatifu. Yule wa nyanya aliendelea kumwekea nafasi kwenye matatu na kumchungia mali akienda msalani. Mwishowe mama akanunua mkebe mwingine. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo alijua kuna mtu mmoja duniani anayeweza kumwambia ukweli na bado akambakia. Mithali 27:6 inasema jeraha utiwazo na rafiki ni amini. Wewe ulitiwa jeraha pia, lakini tazama tofauti: la mama huyu lilifanywa faraghani, lilihusu dhambi yake, lilimgharimu aliyelitia. Lako lilifanywa mbele za watu na lilihusu taabu yako, wewe uliyekuwa hujamkosea mtu.

Kuhusu mwenzako wa kazini, mshukuru Mungu kwa ajili yake, na umshukuru yeye mwenyewe waziwazi. Usimweke kando kwa hofu kwamba kumpenda ni kuipunguza imani yako. Paulo alipovunjikiwa na jahazi, waliomwashia moto kwenye mvua na baridi walikuwa wenyeji wa Malta ambao hawakuwa wamesikia Injili, na Luka ameandika bila kuona haya kwamba walifanyiwa fadhili zisizo za kawaida. Mithali 27:10 nayo inasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Lipo hata hivyo jambo ambalo hatakufanyia, na si kwa ubaya wake: usiku ambao imani yenyewe ndiyo inayotikisika, unapojiuliza kama Mungu anakuona, hawezi kukukumbusha ahadi asiyoiamini. Unamhitaji yeye, na unamhitaji Yonathani.

Wengine watakushauri urudi kwa watu wa kwenu, kile chama cha watu wa Kakamega walioko Nakuru, kwamba damu ni damu. Ndiyo methali yetu: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mithali 18:24 haikubaliani nayo hadi mwisho. Inasema yuko rafiki aambatanaye na mtu kuliko ndugu. Nakuru ina sababu ya kulijua hilo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani wa miaka mingi waligawanyika kwa lugha za mama zao, uwanja wa maonyesho ukajaa watu waliokimbia makwao, na katika siku hizo hizo wapo waliofichwa na waumini wenzao wa kabila jingine. Chama cha nyumbani kitakusaidia katika msiba, na ni vizuri uwemo. Usikifanye kimbilio la kukwepa kanisa.

Sasa tuje kwa huyu dada. Ulimuuliza kwa ujumbe, naye akajibu kwa ujumbe. Hapo mazungumzo hayajafanyika bado. Mathayo 18:15 inasema, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Mwendee, au mwite mahali ambapo si kanisani na si kwako watoto wakisikia, hata benchi la bustani ya mjini linafaa. Usianze na historia ndefu. Mwambie: "Nilikueleza wewe peke yako. Ulilisema mbele ya watu bila kuniuliza, likafika kwenye simu za watu. Niliumia, na mume wangu ameaibishwa." Halafu nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kizito, usikijaze kwa kumtetea. Kisha mwombe jambo linaloonekana: aseme kwa kikundi, yeye mwenyewe, kwamba alizungumza jambo la mtu bila ruhusa na kwamba lisiendelezwe. Ombi la namna hiyo humfunua mtu upesi. Aliyekosa bila kujua atashtuka, pengine alie, na atalifanya hata kwa aibu. Akikuambia kwamba roho yako haiko sawa, au kwamba maombi hayana siri, utakuwa umejibiwa.

Katika hali zote mbili msamehe, na uanze leo. Hilo unamfanyia Mungu aliyekusamehe. Lakini kusamehe hakukulazimishi kumfungulia tena kabati la siri zako. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia, na safari ya pili ilipofika Paulo akakataa katakata kwenda naye, hadi yeye na Barnaba wakaachana. Miaka mingi baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo huyo huyo anaandika aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Imani ilirudi, ila ilichukua muda na matendo, na hakuna anayemhesabia Paulo kwamba katika muda huo hakuwa amesamehe.

Udhamini, usikubali. Sijali kama atasema umebadilika. Katika sacco akiba ya mdhamini ndiyo inayoshikwa, na mkopaji akishindwa kulipa, inakatwa yako. Ninyi mna mshahara mmoja na kodi iliyochelewa. Mithali 22:26 na 27 inawaonya wanaodhamini deni wasiwe na cha kulipia, mpaka kitanda chao kichukuliwe chini yao. Mwambie kwa adabu, "Kwa sasa siwezi," na usitoe sababu kumi. Ukitoa kumi atakuwa na kumi za kujibu. Na ninaona jambo moja ambalo sipendi kulipita: amekuomba akiba yako kabla hajakuomba radhi.

Lipo pia ambalo hukuniandikia. Je, mumeo anajua? Siri uliyotoa ilikuwa yako nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ya mwanamume aliyepoteza kazi na ambaye huenda hata ndugu zake hajawaambia. Sikulaumu, ulikuwa unazama na ulishika mkono uliokuwa karibu. Lakini kama hajui, mweleze wewe, wiki hii, kabla hajasikia kwenye stendi ya bodaboda. Chagua saa ambayo hana njaa na watoto wamelala. Mwambie uliyemwambia, ulichosema, na kilichotokea. Na mkubaliane kuanzia sasa ni nani mnaweza kumwendea kwa habari za nyumba yenu. Afadhali wawe watu wawili mnaowakubali wote wawili kuliko kumi wa kwako peke yako.

Rafiki mwingine utampata, ila usimtafute kwa kiu uliyo nayo sasa. Kwanza sikiliza jinsi mtu anavyozungumza juu ya wasiokuwapo. Anayekuja kwako na siri ya mwenzake, hata akianza na "nakuambia ili uombe," ameshakuonyesha yako itakavyokwenda. Mpe jambo dogo ulione linakaa wapi. Angalia kama ana uwezo wa kukupinga: rafiki anayekubaliana nawe kila wakati hatakuambia gorogoro yako imebonyea. Mara nyingi watu kama hao hawako mbele kwenye kipaza sauti. Ni yule mama anayebaki kupanga viti, au yule mzee wa kanisa aliyekuuliza hali ya mumeo mara moja, ukamjibu kwa ufupi, naye hakukuuliza zaidi.

Kuhama kanisa: bado. Kwanza zungumza naye. Akikataa, Mathayo 18:16 inakuruhusu kwenda tena na mtu mmoja au wawili, kisha mweleze mchungaji wenu, ukimwomba pia aweke utaratibu kwamba hakuna jambo la mtu linaloombewa hadharani, wala kuandikwa kwenye kundi la simu, bila mwenyewe kuulizwa na kukubali. Wachungaji wengi watakushukuru kwa hilo. Na kama wote wakikupuuza, kuhamia ushirika mwingine wa waamini wenye msimamo si dhambi. Aga waziwazi, bila kusimulia kwa nini kwa kila anayeuliza. Lakini kwa Jumapili zilizobaki hapo katikati, sogea ukaketi na watoto wako mahali mlipokuwa mkiketi, na ungoje hadi neema isemwe. Neema hiyo ni yako pia.